Mizani na lodi seli zinaposoma vibaya: tafuta chanzo kuanzia chini

Msimu wa korosho ukifunguliwa, simu za mafundi wa mizani Mtwara na Lindi hazipoi. Nyingi zinaanza hivi: "Fundi, lodi seli imekufa, tuletee nyingine." Ukifika, mara nyingi unakuta lodi seli (kile kihisi cha nguvu kinachobeba jukwaa la mizani) ni nzima kabisa, ila nguvu ya mzigo imepata njia nyingine ya kushukia sakafuni. Lodi seli inapima nguvu inayopita ndani yake tu. Nguvu iliyopita pembeni haitaonekana kwenye namba, hata ukinunua kifaa cha bei gani.

Kwa hiyo kagua kuanzia chini: sakafu, fremu na kila kinachogusana na jukwaa. Ukimaliza hapo nenda kwenye waya, halafu indiketa (kile kisanduku chenye namba), na mwisho hesabu. Anayeanza na indiketa hubadilisha vipuri vizima, tatizo likabaki palepale, na anayelipa ni mkulima aliyepakia magunia yake alfajiri. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka mazao ghalani na kupewa karatasi ya kilo zake, uanze kwenye korosho mwaka 2007, kilo zinazosomwa pale ghalani ndizo zinazoingia kwenye karatasi, na ndizo pesa zake. Tunamkataza asiuze kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaopima kienyeji, kwa sababu kangomba haina kipimo cha haki. Basi kipimo tunachompa sisi kiwe cha haki kweli.

Mwongozo huu unamfaa pia mwanafunzi au mtafiti anayepima nguvu maabara: nguvu ya kupasua ganda la korosho, ya kukata kamba, ya kuvunja mchemraba wa zege. Kifaa kilichomo ndani ni kilekile na maradhi yake yanafanana.

Kwanza, ujue unapima kitu kidogo kiasi gani

Lodi seli ni kipande cha chuma au alumini kilichochongwa ili kinyumbuke kidogo kikibebeshwa mzigo. Juu yake zimebandikwa streni geji nne, vipande vyembamba vya foili, kila kimoja mara nyingi kikiwa na ohm 350. Mzigo ukija, mbili zinavutika na mbili zinabanwa. Zimeungwa kwa mtindo wa daraja la Wheatstone (saketi ya vikinzani vinne), ambalo kwa haki lilielezwa kwanza na Samuel Hunter Christie mwaka 1833. Geji ya kubandika yenyewe ilibuniwa Marekani mwaka 1938 na Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake.

Mzigo ukifika kiwango cha juu, ohm 350 za geji moja zinabadilika kwa kama ohm 0.7 tu. Seli ya 2 mV/V, yaani milivolti 2 kwa kila volti unayoilisha, ukiipa volti 5 inarudisha milivolti 10 ikiwa imebeba mzigo wake wote. Sasa chukua mizani ya kilo 300 inayosoma kwa hatua za gramu 100. Hizo ni hatua 3,000, kwa hiyo kila hatua ni kama sehemu tatu za milioni za volti moja. Unyevu kidogo, chembe ya chumvi au skrubu isiyokaza vizuri vinatosha kabisa kukupotezea hatua kadhaa.

Jambo moja kabla hujashika bisibisi. Mizani ya biashara ina lakiri na stika ya Wakala wa Vipimo. Ukivunja lakiri, mizani hiyo isipime tena mali ya mtu mpaka ihakikiwe upya. Anza na yale yasiyohitaji kuvunja lakiri. Ni mengi, na mara nyingi ugonjwa uko humo.

Sifuri iko sawa, ila uzito unapungua

Hii ndiyo dalili inayoumiza kuliko zote, kwa sababu karani haioni. Gunia likishuka namba inarudi sifuri, naye anaamini mizani ni nzima.

Katika ghala moja wilayani Tandahimba, mzee mmoja aliweka gunia lake, akatazama namba, akasema taratibu, "Mwanangu, hili nimelipima kwa jirani kabla sijaja. Hapa limepungua." Karani akamjibu, "Shikamoo babu, mizani tumeipima asubuhi kwa jiwe la kilo 20, iko sawasawa." Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Tulipoinua jukwaa tukakuta kipande cha ganda la korosho na mchanga, vimegandana kwa mafuta ya ganda, vimekaa chini ya boliti ya kuzuia mzigo uliozidi. Boliti ile inatakiwa iachwe na nafasi ndogo isiyofika milimita moja. Pale nafasi ilibaki kama unene wa unywele. Mzigo mdogo haukuifikia, kwa hiyo jiwe la kilo 20 lilisoma vizuri. Ulipozidi, seli ikanyumbuka, boliti ikagusa lile ganda, na kuanzia hapo sehemu ya uzito ikashukia kwenye boliti.

Kwa hiyo usipime kwa jiwe moja dogo ukaondoka. Panda ngazi kwa ngazi kwa mawe ya mizani yaliyohakikiwa: 20, 40, 60, 80, 100, na uendelee hadi karibu na uzito mnaoutumia kila siku. Halafu shuka kwa ngazi zilezile na uandike zote. Kosa likianzia katikati ya safari, kuna kitu kinagusa. Kosa likiwa asilimia ileile tangu kilo ya kwanza, ruka uende kwenye sehemu ya asilimia huko chini. Namba za kupanda zikiwa tofauti na za kushuka, kuna msuguano: sahani inakwaruza fremu, pini inabana, au miguu inateleza sakafuni.

Vitu vya kukagua hapa havihitaji mita yoyote. Pitisha karatasi kuzunguka jukwaa lote na chini ya kila boliti ya kuzuia, na pale inapokwama umepata jibu. Tazama kama gunia linaegemea ukuta au gunia lenzake. Tazama kama waya wa seli umevutwa ukakaza, kwa maana waya uliokaza nao unabeba. Miguu yote minne iguse sakafu, na sakafu isiwe ya mbao inayobonyea. Kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi na Kilwa hali ni mbaya zaidi. Chumvi inamwagika, usiku inanyonya unyevu, mchana inakauka na kuwa ngumu kati ya sahani na fremu. Mizani ya huko isafishwe kila jioni kwa brashi kavu, na maji yasimwagwe karibu na seli.

Maabara mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Ukiweka pini mbili za kuongoza bamba linaloshuka juu ya korosho, na pini hizo zikabana, seli iliyo chini haioni nguvu iliyoishia kwenye msuguano, na iliyo juu inaona nguvu ambayo korosho haikuipata. Weka seli karibu kadiri iwezekanavyo na kitu unachokipima, kisiwepo chochote kati yao isipokuwa bamba la kubonyezea.

Kila pembe inasoma lake

Chukua mzigo wa theluthi ya uwezo wa mizani. Kwa mizani ya kilo 300 ni kilo 100, kama utaratibu wa kimataifa wa OIML R76 unavyotaka. Uweke kila pembe kwa zamu. Pembe moja ikisoma pungufu, tazama kwanza mguu wa pembe hiyo, halafu boliti za jukwaa. Kwenye mizani ya magari yenye seli nyingi utashawishika kufungua jankisheni boksi (kisanduku zinamokutana nyaya za seli zote) na kuzungusha trima, ile skrubu ndogo ya kurekebisha usomaji wa kila seli. Usiiguse trima mpaka uwe na hakika kwamba kila seli imekaa wima na hakuna tope chini ya daraja la mizani. Ukirekebisha kwa trima kosa lililoletwa na tope, siku tope likisafishwa umezaa kosa jingine.

Sifuri inatambaa

Umeiacha tupu, inaonyesha 0.0. Baada ya dakika kumi ni 0.3, baadaye 0.5. Hapa jiulize inatambaa ikifuata nini.

Ikifuata saa ya kuwashwa, ni joto la ndani ya indiketa. Iwashe nusu saa kabla ya kazi, na jambo limekwisha. Ikifuata jua, tafuta mlango. Maghala mengi yamefunguka upande mmoja, na jua la saa nne linapiga nusu ya jukwaa huku nusu nyingine iko kivulini. Seli imetengenezwa ivumilie joto linalobadilika polepole kwa mwili wake wote, lakini joto la upande mmoja linainyumbua kama mzigo. Isogeze mizani au weka pazia.

Ikifuata mzigo, yaani gunia limekaa juu na namba inapanda pole pole, kisha ukilishusha sifuri inachelewa kurudi, hiyo ni tabia ya chuma na gundi ya geji kuendelea kunyumbuka kidogo. Seli nzuri inayo kwa kiasi kidogo mno. Ikizidi, gundi imechoka au imenyonya unyevu. Usiache mzigo juu ya mizani usiku kucha.

Ikifuata mvua na asubuhi, ni maji. Mwambao wetu hewa ina chumvi mwaka mzima, na mvua za mwisho wa mwaka zinatukuta msimu wa korosho bado uko mbichi. Maji yanaingia kwa njia tatu: jankisheni boksi ambayo kifuniko chake hakikufungwa vizuri, waya uliotafunwa na panya (maji yanasafiri ndani ya ganda la waya kama kwenye mrija hadi kwenye seli), na kifuniko cha seli yenyewe kilichopasuka.

Kulipima hili, tenganisha seli na indiketa kabisa. Unganisha nyaya zake zote za ndani pamoja, kisha pima ukinzani kati ya fungu hilo na mwili wa chuma wa seli, kwa kipimo cha insulesheni cha volti 50. Seli mpya hutoa megaohm 5,000 au zaidi. Chini ya 1,000, unyevu umeshaingia. Usitumie mega ya volti 500 ya mafundi umeme wa majumbani, itaichoma seli iliyokuwa inaponyeka. Huna kipimo hicho? Mita ya kawaida inaishia megaohm chache tu, kwa hiyo ikikuonyesha namba yoyote kati ya nyaya na mwili, usihangaike zaidi: seli hiyo imekwisha.

Kuikausha seli kwa joto la taratibu kunaweza kuirudisha kwa muda, nami nakubali kwa kazi ya kujifunzia. Kwa mizani inayopima mali ya watu, hapana, kwa sababu chumvi iliyoingia na maji haikauki, inabaki pale ikisubiri unyevu mwingine.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Tundu la waya kwenye jankisheni boksi litazame chini. Waya ushuke kidogo kabla ya kupanda kuingia, ili matone yadondoke badala ya kufuata waya. Weka vipakiti vya silika jeli ndani na uvibadilishe kila msimu. Ukiziba kwa silikoni, usitumie ile inayonuka siki: asidi yake inakula shaba na risasi ya kuungia, na miezi michache baadaye utakuta viungo vimeota kijani. Ipo silikoni isiyo na asidi, itafute. Na kila ukifungua boksi, ondoa sisimizi na mayai yao. Wanapenda mahali pakavu penye joto, na miili yao inashika unyevu kati ya skrubu na skrubu.

Namba zinarukaruka

Tenga mtikisiko na umeme. Zima feni, zima mashine ya kusagia ya jirani, simamisha watu wasitembee karibu. Zikitulia, lilikuwa tatizo la sakafu au upepo. Mizani ya kuning'inia inapoyumba, nguvu inayopita kwenye ndoano inabadilika kweli, kwa hiyo kifaa hakina kosa. Subiri mzigo utulie.

Zisipotulia, shika waya na uutikise sehemu kwa sehemu kuanzia kwenye seli. Mahali namba zinaporuka kwa nguvu ndipo waya umekatika ndani. Baadaye tazama wavu wa kinga unaozunguka nyaya. Uungwe ethi upande mmoja tu, kwa kawaida upande wa indiketa, kwa sababu ukiungwa pande zote mbili umeme wa tofauti za ethi unapita humo na kuleta kelele. Waya wa seli usifungwe pamoja na waya wa umeme wa volti 230. Wanafunzi wanaotumia kile kibao kidogo cha HX711 (kinachokuza ishara ya seli na kuigeuza namba) wakikipa umeme kutoka kompyuta iliyo kwenye chaja, wajaribu kuchomoa chaja kwanza. Mara nyingi kelele inaondoka papo hapo.

Imeganda, inaonyesha alama za hitilafu, au inasoma hasi

Hapa mita ya kawaida inatosha. Tenganisha nyaya kwenye indiketa. Kwa seli ya ohm 350, kati ya nyaya mbili za kulisha umeme utapata kama ohm 380 hadi 420. Kati ya nyaya mbili za ishara utapata karibu 350. Kisha pima kila waya wa kulisha na kila waya wa ishara. Vipimo ni vinne, viwe karibu ohm 260 hadi 300, na vifanane viwili viwili. Kimoja kikiruka mbali, geji moja imeachia au waya wake umekatika. Rangi usiziamini peke yake. Wengi hutumia nyekundu na nyeusi kulisha, kijani na nyeupe kwa ishara, ila wapo wanaogeuza. Jozi yenye ukinzani mkubwa zaidi ndiyo ya kulisha.

Ukinzani ukiwa sawa, ilishe seli volti 5 ikiwa tupu, imefunguliwa kutoka kwenye fremu, na upime milivolti za ishara. Isizidi takriban 0.1, juu au chini. Ukipata milivolti 1 na zaidi bila mzigo wowote, chuma kimepinda moja kwa moja. Seli nyingi zinavumilia mzigo wa mara moja na nusu ya uwezo wake ukiwekwa taratibu. Gunia lililotupwa kutoka begani au kwenye bodi ya gari linapiga kwa nguvu mara kadhaa ya uzito wake, na hapo hakuna seli inayopona milele. Wapagazi wafundishwe kulishusha, si kulitupa. Sababu nyingine ninayoiona sana ni kuchomelea fremu huku seli ikiwa mahali pake. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye seli unaua geji kwa sekunde moja. Itoe kwanza.

Ikisoma hasi ukiweka mzigo, umegeuza nyaya za ishara au umeifunga seli juu chini. Tazama mshale uliochorwa ubavuni.

Kosa la asilimia ileile kila mahali

Umepanda ngazi kwa ngazi na kila namba ni pungufu kwa sehemu ileile. Hakuna kinachogusa. Kuna sababu mbili ambazo mafundi wengi hawazifikirii.

Ya kwanza ni waya uliorefushwa. Mtu amehamisha indiketa ofisini, akaunga mita 30 za waya mwembamba. Shaba ya milimita 0.25 za mraba ina karibu ohm 0.07 kwa mita. Kwenda na kurudi ni mita 60, yaani ohm 4 na ushei. Seli ina ohm 400, kwa hiyo asilimia moja ya volti imeishia njiani na mizani inasoma pungufu kwa asilimia moja. Ikiwa ni mizani yenye seli nne zilizounganishwa sambamba, ukinzani wake ni kama ohm 100, na kosa linafika asilimia nne! Tiba ni kutumia waya wa nyaya sita, ambao indiketa inautumia kujua volti iliyofika kweli kwenye seli, au kuipima upya mizani kwa mawe ikiwa na waya huohuo. Kwa sababu hiyohiyo, usiukate waya wa nyaya nne uliokuja na seli hata ukiwa mrefu kupita kiasi. Ukunje.

Ya pili ni mvutano wa dunia. Lodi seli haijui kilo, inajua nguvu. Kilo ileile inavutwa kwa nguvu tofauti kulingana na mahali ilipo. Mtwara, kwenye nyuzi 10 kusini mwa ikweta, mvutano ni karibu mita 9.782 kwa sekunde ya mraba. Kaskazini mwa Ujerumani ni karibu 9.813. Shanghai ni karibu 9.794. Mizani iliyowekwa sawa kiwandani Ujerumani kisha ikaletwa hapa bila kurekebishwa inasoma pungufu kwa asilimia 0.32. Kwa gunia la kilo 80 ni gramu 250 hivi, na kwa magunia 100 ni kilo 25 za mkulima. Ya Shanghai inapunguza gramu 100 kwa gunia. Hakuna mwizi hapo, na hakuna kilichoharibika. Ni mizani tu haijaambiwa iko wapi.

Kwa hiyo mizani mpya iwekwe sawa hapahapa kwa mawe yaliyohakikiwa, au uingize thamani ya mvutano ya hapa kwenye indiketa kama ina nafasi hiyo. Je, ukiipandisha kutoka Mtwara mjini hadi Newala, juu ya uwanda wa Makonde? Tofauti haifiki gramu 30 kwa kilo 100. Kwa mizani ya magunia haionekani. Kwa mizani nyeti ya maabara inaonekana, nayo iwekwe sawa upya kila inapohamishwa.

Mtafiti ageuze hesabu hii. Ukiweka seli sawa kwa mawe ya kilo ukiwa Mtwara, kisha ukataka newton, zidisha kwa 9.782. Ukizidisha kwa 9.81 ya vitabuni umejiongezea asilimia 0.29 bila sababu. Seli iliyokuja na cheti cha newton haina shida hii, maana newton moja ni ileile hapa na Ulaya.

Kilele kinabadilika kila ukirudia

Hili ni la maabara, na Mtwara lina uzito wake, kwa sababu ubanguaji wa korosho ni kazi yetu na wanaobuni mashine za kubangulia wanahitaji kujua ganda linapasuka kwa nguvu gani bila kuvunja kiini. Mwanafunzi anabonyeza korosho kumi, anapata namba kumi zilizotawanyika, analaumu seli.

Kabla ya kuilaumu, weka jiwe moja la mizani juu ya seli, litoe, lirudishe, mara kumi. Likisoma sawa mara zote, seli haina kosa. Tafuta kwenye kasi ya kusoma. HX711 inasoma mara 10 au 80 kwa sekunde, na bodi nyingi zinauzwa zikiwa kwenye 10. Ganda linapopasuka nguvu inaanguka ghafla, na usomaji wa mwisho kabla ya kuanguka ndio unaouita kilele. Kama nguvu ilikuwa inapanda newton 200 kwa sekunde, ukisoma mara 10 unaweza kukikosa kilele kwa hadi newton 20. Ukisoma mara 80, kosa halizidi 2.5. Ama ongeza kasi ya kusoma, ama punguza kasi ya bamba. Zima pia wastani unaofanywa na programu, kwa maana wastani unakata vilele vyote. Kwa mashine ya kupiga kwa wenzo wa mkono, kishindo kinaisha ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde, na hapo hata 80 haisaidii. Unahitaji amplifaya inayosoma maelfu kwa sekunde, au kihisi cha piezo, kinachotoa chaji ya umeme kikibonyezwa. Piezo nacho usikitumie kupima mzigo uliotulia: chaji yake inavuja na namba inajirudisha sifuri yenyewe.

Ukishamaliza hayo na namba bado zimetawanyika, ni korosho zenyewe. Ganda lililochemshwa kwa mvuke na ganda kavu havipasuki kwa nguvu moja. Korosho iliyolazwa ubavu si sawa na iliyosimamishwa kwa mgongo. Pima unyevu na ukubwa wa kila moja, uilaze kwa mkao mmoja, na uandike mkao huo kwenye ripoti. Mtawanyiko unaobaki ni matokeo yako halali. Usiufute.

Zege linavunjika mapema mno

Mchemraba wa milimita 150 wa zege la MPa 25 (newton 25 kwa kila milimita ya mraba) unatakiwa ubebe karibu kilonewton 560. Ukivunjika kwenye 400, mhandisi anamgeukia fundi wa zege. Kwanza atazame jinsi ulivyovunjika. Mchemraba uliobonyezwa vizuri unapasuka pande zote nne kwa namna inayofanana na kubaki na umbo la piramidi mbili zilizogusana vichwa. Ukipasuka kona moja tu, mzigo haukukaa sawa. Safisha bamba za mashine, pakaa mafuta kidogo kwenye kiti cha duara cha bamba la juu ili lijilaze lenyewe, weka katikati, na uso uliosawazishwa kwa mwiko uwe ubavuni, ili nyuso zinazobonyezwa ziwe zile zilizogusana na ukungu wa kumwagia zege. Angalia pia kasi: EN 12390-3, kiwango cha Ulaya cha kupima zege, inataka MPa 0.6 kwa sekunde, pungufu au zaidi kwa 0.2, yaani karibu kilonewton 13.5 kwa sekunde kwa mchemraba huo. Ukibonyeza haraka zaidi namba inapanda, ukienda polepole mno inashuka. Ikiwa yote hayo yako sawa na michemraba bado inavunjika mapema, weka lodi seli yenye cheti kati ya bamba mbili, ipandishe ngazi kwa ngazi, na ulinganishe namba zake na za mashine kabla hujamwita mtu yeyote kujieleza. Zikipishana, mashine iende kwenye ugezi (kulinganishwa na kipimo kilichohakikiwa), na matokeo yote yaliyotoka tangu ugezi uliopita yapitiwe upya.